Acha Asome Swali Mwenyewe

Ukipita mtaa ule jioni, utasikia sauti mbili kabla hujamwona mtu. Ya kwanza ni ya cherehani. Ya pili ni ya binti wa fundi.

Binti huyo watu wamempa jina la utani, Chiriku. Wala hawakumwonea. Mtoto anaongea akivaa viatu, na anaongea akivivua. Mama yake husema alizaliwa katikati ya mazungumzo, na mpaka leo hajayamaliza. Akitumwa chumvi dukani, anarudi na chumvi pamoja na habari za nyumba zote za njiani. Wateja wa baba yake wanampenda sana. Wengine huja kushonewa kifungo kimoja tu, halafu wanakaa saa nzima wakimsikiliza.

Familia yao ni ya watu wanne. Baba ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele cha nyumba ndiyo ofisi yake. Kuna cherehani ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja hujigeuzageuza mbele yake. Mama anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Anaondoka kabla hakujapambazuka, anarudi mchana nyusi zake zikiwa na unga. Chiriku yuko darasa la nne. Mdogo wake wa kike yuko darasa la tatu. Huyo mdogo hana maneno mengi, lakini akisema moja linatosha kukuudhi wiki nzima.

Kila jioni, kazi za nyumbani zikiisha, Chiriku alivuta kigoda na kukaa karibu na cherehani. Hapo ndipo baba alipomfundisha. Mikono ya fundi ilikuwa kwenye kitambaa na macho yake yalikuwa kwenye sindano, kwa hiyo alifundisha kwa mdomo.

"Saba mara sita?"

"Arobaini na mbili!"

"Mtu ana mayai thelathini, yamevunjika kumi na moja. Amebaki na mangapi?"

"Kumi na tisa!"

Cherehani ilikwenda, maswali yakaenda, na majibu yakatoka mbio. Wateja walipiga makofi. Fundi alivimba kwa furaha mpaka vifungo vya shati lake vikalalamika.

"Huyu mtoto ni moto wa kuotea mbali," aliwaambia. "Subirini tu mtihani wa darasa la nne. Mtamsikia."

Mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Karatasi moja ilitungwa kwa shule zote, na watoto wote waliufanya siku moja. Aliyefikia alama zinazotakiwa alikwenda darasa la tano. Asiyefikia alirudia darasa la nne. Ili watoto wauzoee, shule iliwapa kwanza mtihani wa majaribio.

Siku matokeo ya majaribio yalipotoka, mama alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akasikia mlango umefunguliwa na kufungwa. Kisha hakusikia kitu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Mama akaacha vyombo na kutoka haraka, akidhani kuna mgonjwa.

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkoba ungali mgongoni. Alikuwa ameshika karatasi yake ya majibu. Hisabati alikuwa amepata maswali saba kati ya arobaini. Lugha ilikuwa afadhali kidogo tu.

"Haiwezekani," baba alisema. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Alama zilikuwa zilezile. "Wamekosea kusahihisha. Au wamempa karatasi ya mtoto mwingine."

"Jina ni mwandiko wangu, Baba," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

Mdogo wake akaitazama karatasi, akatafakari.

"Basi mwakani tutakaa dawati moja," alisema. "Nitakuwekea nafasi."

Chiriku akaangua kilio.

Wazazi wale wanawapenda watoto wao kupita kiasi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu walichofanya baada ya hapo kilitokana na upendo, na bado kilikuwa kosa.

Mama alisema, "Anahitaji muda zaidi wa kusoma." Kwa hiyo alipoamka kwenda kwenye tanuri, alimwamsha na Chiriku. Yeye akavaa aproni, mtoto akafungua daftari. Baba alisema, "Anahitaji maswali zaidi." Kwa hiyo maswali ya cherehani yakaongezwa mara mbili. Kamba ya kuruka ikafungiwa kabatini. Rafiki zake waliokuja kumwita wakaambiwa Chiriku ana shughuli.

Siku moja, bila kufikiri, baba aliongeza neno. "Mwanangu, ukifeli nitauweka wapi uso wangu mbele ya wateja?"

Alisema kwa utani. Lakini Chiriku hakucheka.

Wiki zikaenda. Chiriku akaanza kusinzia darasani. Kila asubuhi tumbo lilimuuma. Kucha zake alizitafuna mpaka zikaisha. Maneno nayo yakapungua, siku hadi siku, mpaka akitumwa chumvi akawa anarudi na chumvi peke yake.

Jioni moja mama alikuwa akimchana nywele. Chiriku akauliza, "Mama, nikirudia darasa, bado nitakuwa dada mkubwa?"

Mama alisimamisha kitana.

"Utakuwa dada mkubwa mpaka uote mvi," alisema. "Nani kakuambia vingine?"

"Hakuna. Najiuliza tu."

Mama akamkumbatia. Alikuwa anamwona mtoto wake anazama, na bila kujua, yeye na mumewe ndio walikuwa wanazidi kumwaga maji.

Siku mbili tatu baadaye, mwalimu wa darasa wa Chiriku alikuja kwa fundi. Hakuja kwa habari za mtihani. Alileta sketi aliyotaka ipunguzwe kiunoni.

"Karibu, Mwalimu! Karibu sana!" Fundi alimfutia kiti. "Hii ni kazi ndogo, naimaliza sasa hivi ukiwa hapahapa. Na wewe Chiriku, njoo. Mwalimu akusikie."

"Shikamoo, Mwalimu," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mwalimu akamtazama. Neno moja tu? Kutoka kwa mtoto huyu?

Fundi akaiweka sketi chini ya sindano na kuanza kukanyaga. Cherehani ikalia.

"Haya. Mama ana kitambaa cha mita kumi na mbili. Kila sketi inatumia mita mbili. Ameshona sketi nne. Amebaki na mita ngapi?"

"Sita!" Chiriku akajibu.

Cherehani ikasimama.

"Nane!" Chiriku akasema upesi.

Cherehani bado imesimama.

"Nne!"

Cherehani ikaendelea. Fundi akageuza shingo, meno yote nje. "Umesikia, Mwalimu? Nne! Mtoto anajua. Sasa niambie, kule shuleni mnamfanya nini?"

Mwalimu alikuwa anautazama mguu wa fundi.

"Hebu muulize lingine, Fundi," alisema.

Fundi akauliza la pili, akauliza la tatu. Kila mara ilikuwa vilevile. Jibu likiwa baya, mguu ulisimama. Likiwa zuri, mguu ulikanyaga. Na macho ya Chiriku hayakuwa juu darini kama ya mtu anayefikiri. Yalikuwa sakafuni, kwenye kiatu cha baba yake.

"Fundi," mwalimu alisema, "naomba uje ukae hapa kwenye kiti changu. Mikono magotini. Usiseme kitu. Nataka nimpe swali moja mimi."

Fundi akashangaa, lakini akatii. Mwalimu akachukua kipande cha karatasi ya kukatia vipimo, akaandika swali, akamwekea Chiriku mezani pamoja na penseli.

Chumba kikawa kimya. Chiriku akaitazama karatasi. Akamtazama mwalimu. Akamtazama baba, kisha mguu wa baba. Mguu ulikuwa umetulia tuli. Akaanza kulia, na chozi likadondoka kwenye karatasi.

"Sijui kama ni sawa," alisema. "Mwalimu, mimi sijui kama ni sawa au si sawa."

"Bado hujaandika kitu, mwanangu," mwalimu alisema kwa upole. "Na hakuna aliyekasirika. Njoo hapa."

Akamkumbatia. Mama, aliyekuwa amesikia kilio, akatokea mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Kuna habari njema, Mama Chiriku. Kaa tuongee."

Mwalimu akamgeukia fundi. "Mteja akija kupimwa suruali, halafu akavuta tumbo ndani, unafanyaje?"

Fundi akacheka japo roho ilikuwa juu. "Namwambia apumue, Mwalimu. La sivyo suruali haitafunga."

"Kwa nini usimwache? Si anapendeza?"

"Anapendeza hapa kwenye kioo changu. Akifika nyumbani akila, vifungo vinaruka."

"Basi kila jioni unamvutisha Chiriku tumbo ndani," mwalimu alisema. "Akikosea, mguu wako unasimama. Anajua amekosea, anajaribu jingine. Mguu ukienda, anajua amepata. Hapati nafasi ya kulifikiria swali. Kwenye chumba cha mtihani hakuna cherehani, Fundi. Kuna karatasi na ukimya. Ndiyo maana alipata saba."

Fundi aliutazama mguu wake kama mtu aliyeuona kwa mara ya kwanza.

"Jamani," alisema taratibu. "Kumbe muda wote nilikuwa najivisha kilemba cha ukoka."

"Hukukusudia. Na kukaa na mtoto kila jioni ni jambo zuri kuliko yote. Wazazi wengi hawafanyi. Tubadilishe namna tu."

Chiriku alikuwa ameinua kichwa. "Kwa hiyo, Mwalimu, mimi si mjinga?"

"Mjinga? Mtoto anayeweza kusoma kiatu cha mtu atashindwa kusoma karatasi?"

Mama akacheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akauliza lililokuwa linamkera. "Mwalimu, mimi namwamsha alfajiri nikiondoka. Napo nimekosea?"

"Analala saa ngapi?"

"Kama sisi. Tukimaliza maswali."

"Basi halali vya kutosha. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi mwingi. Anachosoma mchana, akili inakipanga akilala. Darasani anasinzia. Nilitaka kuwaita niwaulize kama anaumwa."

Mama akainamisha kichwa. "Nilidhani namsaidia."

"Mwache alale, Mama Chiriku. Na mrudishieni mchezo wake. Nusu saa ya mazoezi akiwa na akili yake yote inashinda saa tatu za kusinzia."

Halafu akawaeleza mtihani ulivyo, kwa sababu wazazi wale hawakuwahi kuona karatasi yake ya maswali. Kila swali lina majibu manne, na mtoto anachagua moja. Anatia penseli kwenye kiduara cha jibu hilo, anakijaza chote. Akijaza viwili kwa swali moja, hapati kitu. Akitaka kubadilisha, anafuta vizuri kwanza.

"Na kabla ya kujibu, asome swali lote mpaka nukta ya mwisho. Asome mara mbili. Apige mstari chini ya kile anachoulizwa. Lile swali lako la sketi, Fundi, hesabu yake si ngumu. Chiriku alisikia kumi na mbili na mbili, akagawa, akakimbia. Hakungoja kujua anaulizwa nini."

"Na akikutana na gumu?" fundi aliuliza.

"Aliache. Aendelee na mengine, kisha alirudie. Watoto wengi wanakwama kwenye swali moja mpaka muda unaisha, na mbele kulikuwa na kumi rahisi."

Kesho yake mwalimu alimpa Chiriku karatasi za mitihani iliyopita akafanyie mazoezi nyumbani. Masharti yalikuwa mafupi. Mtoto akae mezani peke yake. Asome mwenyewe, kimya. Baba ashone bila kusimama, au atoke nje.

Fundi alijaribu kushona bila kusimama. Ilimshinda. Alimwona binti yake anataka kujaza kiduara kisicho sahihi, akaisukuma nguo vibaya, akashona mkono wa shati juu ya mfuko.

"Toka nje, Baba Chiriku," mama alisema.

Akatoka. Akasimama barabarani, tepu ya kupimia shingoni, kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Vipi Fundi, umefukuzwa?" jirani alimuuliza.

"Ndiyo. Mwanangu anafanya mtihani."

Ndani, mdogo wake Chiriku aliteuliwa kuwa msimamizi. Alipewa saa ya mezani na kiti kirefu. Hakuna kazi duniani iliyowahi kumfaa mtu kiasi kile.

"Marufuku kuongea," alitangaza. "Marufuku kujikuna kwa kelele."

"Sijajikuna!" Chiriku alisema.

"Umeongea. Nimekuona."

Karatasi ya kwanza ilikuwa mbaya. Alipata tisa. Fundi akarudi ndani, akashika tama. Alitaka kumkalisha mtoto chini na kumwambia majibu yote, moja baada ya jingine. Lakini mwalimu alikuwa amemfundisha neno moja la kutumia badala ya "umekosea", na fundi akapiga moyo konde.

"Hili la miti," alisema. "Umechagua kumi na mbili. Umejuaje?"

Chiriku akaisogeza taa. "Watoto ishirini na wanne walipanda miti. Nusu yao walipanda mti mmoja mmoja. Nusu ni kumi na wawili. Kwa hiyo miti kumi na miwili."

Fundi akafumba mdomo. Akakaza shingo. Akautazama ukuta ili macho yake yasiseme kitu.

Chiriku akasoma tena, kidole chini ya maneno. "Waliobaki walipanda miwili miwili... Ala! Kumbe kuna waliobaki! Hao ni kumi na wawili wengine. Mara mbili, ishirini na nne. Jumlisha na kumi na mbili." Akafikiri, midomo ikitembea. "Thelathini na sita. Baba, nilisimama katikati ya swali!"

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe!"

Kwa miezi mingi fundi alikuwa amesikia majibu ya binti yake, na jioni ile kwa mara ya kwanza aliisikia akili yake ikifanya kazi. Alijisikia tajiri.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka siku moja. Kuna jioni Chiriku alipata alama nyingi, na kuna jioni alitupa penseli akasema hataki tena. Siku ya namna hiyo mama aliikunja karatasi. "Toka ukaruke kamba," alisema. "Swali halina miguu, tutalikuta kesho." Chiriku alirudi jasho linamtoka, akala, akalala mapema. Alfajiri mama alitembea kwa ncha za vidole, viatu mkononi, asimwamshe. Maumivu ya tumbo yakapotea. Na jioni moja Chiriku alitumwa chumvi akachelewa kurudi, na alipofika alikuwa na habari ndefu za paka wa muuza duka. Mama aliisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kufurahia habari za paka kama siku ile.

Usiku wa kuamkia mtihani hakuna aliyefungua daftari. Chiriku alipanga penseli mbili, kifutio na kichongeo kwenye mkoba, akaoga, akalala.

Asubuhi mama alikuwa nyumbani. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Kulikuwa na chai, mkate na yai. Waliamka mapema, kwa hiyo hakuna aliyefokewa wala aliyekimbia na kiatu kimoja. Chiriku alikula polepole.

Baba alikuwa anazunguka meza. "Mwanangu," alianza, "nane mara saba ni..."

Mama akamkanyaga kidole cha mguu.

Fundi akameza swali. Akachuchumaa mbele ya binti yake, akamfunga vizuri kamba za viatu.

"Leo sina swali," alisema. "Siku ile nilisema neno la uso wangu na wateja. Lilikuwa neno baya, lisahau. Ukipata, wewe ni mwanangu. Ukikosa, wewe ni mwanangu. Nakupenda hivyohivyo na maneno yako yote."

"Na wewe nakupenda, Baba," Chiriku alisema. "Usikae nje ya dirisha la darasa."

"Nani? Mimi?" fundi alisema, ingawa kweli alikuwa amekwisha kupanga.

Mchana Chiriku alirudi akiongea tangu kona ya barabara. "Swali la tisa lilinikataa, Mama! Moyo ukaenda mbio. Nikatazama dirishani, nikaona Baba hayupo. Nikashusha pumzi, nikaliacha. Nikafanya mengine yote. Niliporudi, likakubali! Lingine halikukubali kabisa, lakini nilijitahidi. Na mtoto aliyekaa mbele yangu alikuwa na viraka viwili kwenye kaptula, vimeshonwa vibaya, nikasema angekuja kwa Baba..."

Hakuna aliyemkatiza.

Siku ya kufunga shule wazazi waliitwa darasani kuchukua matokeo. Chumba kilijaa. Fundi alikuwa amepiga pasi shati lake mara mbili. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, unga ungali kwenye nyusi. Walikaa wawili kwenye dawati la mtoto, magoti yao yakigonga mbao.

Zamu yao ilipofika, walisimama wote watatu mbele ya meza. Baba akanyoosha mkono. Mwalimu akaupita mkono huo na kumpa Chiriku karatasi.

"Ni yako," alisema. "Soma wewe kwanza."

Chiriku akaikunjua. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, na fundi ni mrefu. Hakutaka kuchungulia, lakini macho ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano kila siku hayazuiliki kirahisi. Yaliruka alama zote na kutua kwenye mstari wa mwisho.

Mama hakuweza kuona karatasi. Akamtazama mumewe usoni. Mumewe alikuwa amejikaza kisabuni. Hakutikisa hata unyusi.

Chiriku naye akageuka, akamwangalia kwa macho makubwa yenye hofu. "Baba, umeona?"

"Mimi sijui kitu," fundi alisema kwa sauti ya ajabu. "Soma." Akawapa mgongo, akaanza kuuchunguza ukuta wa darasa kana kwamba anataka kuununua.

Chiriku akabaki na karatasi yake. Akaweka kidole juu kabisa, akaanza na jina la shule. Akashuka mstari kwa mstari, bila kuruka. Lugha, vizuri. Hisabati, wastani mzuri. Sayansi, vizuri. Kidole kikafika chini. Akausoma mstari wa mwisho. Mama aliona midomo ikitembea. Kisha akausoma tena mara ya pili, neno kwa neno, mpaka nukta.

"Mama," alisema. "Naenda darasa la tano."

Mama akamnyanyua juu kama mtoto mdogo, unga wote ukamhamia shavuni.

"Baba, sasa unaweza kugeuka!" Chiriku aliita akiwa huko juu. "Nimefaulu!"

Fundi akageuka. Alikuwa ameanza kulia tangu zamani.